Mama Mathilde na Wimbo wa Sabuni

Mama Mathilde alikuwa amekwenda kuchukua simu yake tu. Kibanda cha Ba Kasonde, pale sokoni Kashikishi, kinachaji simu, kinauza vinywaji baridi, na juu ya friji kina televisheni isiyozimwa tangu asubuhi, ili wanaosubiri mashua za kutoka Chisenga wasiende kusubiria kwa jirani. Siku hiyo walikuwa wanatazama marudio ya mpira. Mpira ukafika mapumziko, likaingia tangazo la sabuni ya unga iitwayo Kasuba: ndoo, povu, mwanamke kijana anayezichekea nguo chafu kana kwamba kapewa zawadi, na nyuma yake gitaa la umeme lenye mkwaruzo. Sauti ya msichana ikapanda juu ya gitaa: nipokee, nipokee, niko mlangoni. Kisha ikapiga ukelele mmoja mrefu, na shati jeupe likaruka lenyewe kutoka kwenye ndoo mpaka kwenye kamba.

Mama Mathilde alishika ukingo wa kaunta. Sauti ile ilikuwa yake.

Si ya kufanana na yake. Ilikuwa yake yeye mwenyewe, ya mwaka sabini na sita, alipokuwa na miaka kumi na tisa na suruali iliyofagia ardhi. Baada ya ukelele ilipaswa kufuata neno moja, jina la mtu, lakini hapo hapo mtangazaji akaingia kueleza jinsi Kasuba inavyotoa madoa sugu, na jina likazama chini ya maneno yake. Katika kibanda kizima ni mama huyo peke yake aliyejua nini kilikuwa kimefunikwa pale.

"Muziki ya kale iyi," alisema mvuvi mmoja aliyekalia kreti. "Iko bwino!"

"Mayo, mama, umependa?" Ba Kasonde alimuuliza, akitikisa kichwa kwa kufuata gitaa.

"Nipatie simu yangu," alijibu Mama Mathilde, na akatoka mbio hata chaja akaisahau.

Anayemfahamu mama huyu atashangaa, maana mbio si tabia yake. Kule Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, anajulikana kuwa ni mtu anayetembea kama anayepima kiwanja. Kila Jumanne na Ijumaa hupanda lori kwenda ziwani kununua chisense, wale dagaa wadogo, akawauzia majirani kwa kikombe. Siku nyingine zote ni za kwaya. Yeye ndiye mama wa kwaya, na kwenye kwaya hana mchezo. Kuyumbisha kiuno, marufuku. Kupiga makofi nje ya zamu, marufuku. Nyimbo za dunia, usizitaje mbele yake, atakutazama mpaka ujisikie umeiba kitu.

Kanisa lao lina adhabu yake. Mwimbaji akikosa hafukuzwi. Anapelekwa benchi la nyuma kabisa, lile lisilo na egemeo, akae hapo jumapili tatu bila kufungua mdomo wakati wenzake wanaimba. Wakati huo aliyekuwa amelikalia alikuwa Cadette, binti wa miaka ishirini mwenye koo la dhahabu, aliyeshika kipaza sauti kwenye harusi ya dada yake Princesse na kuimba wimbo wa mapenzi mwanzo hadi mwisho. Na nani aliyempeleka? Mama Mathilde. Binti alipothubutu kusema kwamba harusi bila wimbo wa mapenzi ni msiba, adhabu ikapanda kutoka jumapili tatu hadi sita, kwa ombi la Mama Mathilde huyo huyo.

Sasa mrudishe mama huyu nyuma miaka arobaini na minane, umpeleke Likasi, mji wa kwao ng'ambo ya mpaka. Kulikuwa na vijana wanne na bendi yao, orchestre kama walivyoiita, Tonnerre ya Panda, yaani ngurumo ya mtaa wao. Hawakutaka kupiga rumba kama watu wenye akili zao. Walitaka roki, gitaa lipige kelele mpaka majirani watoke nje na mifagio. Mpiga gitaa alikuwa Dédé, fundi umeme mwembamba aliyejitengenezea kipaza sauti kutoka kwenye redio mbovu. Mwimbaji alikuwa Mathilde. Wimbo aliutunga siku ambayo Dédé, kwa hasira ya kijinga, alimfungia mlango na mvua inanyesha. Badala ya kubisha, alisimama pale nje akaimba. Dédé alifungua mlango, akachukua gitaa kabla hata ya kumpa kitambaa ajifute, na mwaka huo huo wakaoana. Sahani ya santuri ilirekodiwa Lubumbashi kwa siku moja. Ilichezwa redioni miezi michache, watoto wakazaliwa, gitaa likauzwa, na Tonnerre ya Panda ikanyamaza kama zinavyonyamaza orchestre nyingi.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na saba vita viliwakuta upande wa Pweto, walikokuwa wamehamia. Dédé hakuvuka mpaka. Alizikwa haraka, katika shamba la mtu wasiyemjua, na mkewe akavuka na wengine akiwa na sufuria mbili na nguo alizovaa.

Wimbo ulirudi wenyewe. Wiki za mwanzo huko kambini, alikuwa akitandaza chisense juani nyuma ya hema, mikono inafanya kazi na kichwa hakipo. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, nipokee, nipokee, niko mlangoni. Alipofika kwenye jina, koo lilimkaba. Akajaribu tena, likamkaba tena. Mara ya tatu akaweka Bwana mahali pa Dédé, na wimbo ukapita. Wanawake waliokuwa wanasubiri maji walisikia, wakamfuata kwa sauti ya pili, na jumapili ile wakauimba chini ya turubai lililokuwa kanisa. Mchungaji wao, Pasta Ambroise, alisimama na machozi yakimtoka, akasema kwamba Mungu amempa Mama Mathilde wimbo.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Hakusema uongo, tumtendee haki, alinyamaza tu. Alikuwa mjane asiye na kitu, na watu walikuwa wanamtazama kana kwamba ana kitu. Jumapili iliyofuata ilikuwa vigumu zaidi kusema, na mwaka uliofuata haikuwezekana tena. Sehemu ya ukelele aliibadilisha. Pale sauti ilipopaswa kupanda, aliwafundisha kwaya washuke, polepole, kama watu wanaopiga magoti. Kwa miaka sita wimbo huo ulizika wafu wao na kuozesha watoto wao.

Kwa hiyo mnaelewa kilichotokea tangazo lilipofika Mantapala, kwenye televisheni ya kinyozi. Ruffin, katibu wa kwaya, alikuwa amenyolewa nusu kichwa, akaruka kutoka kwenye kiti. Jioni ile mazoezini hakuna aliyeimba.

"Banatuiba wimbo!" alifoka Ruffin, upande mmoja wa kichwa unang'aa na mwingine bado msitu. "Wimbo ya Mungu, beko nafulia nayo nguo!"

"Lakini baliipata wapi?" mtu akauliza.

"Munasahau? Mwaka jana, mu Chienge, kwa mukutano. Kulikuwa bageni, banatufilmer na simu. Voilà! Bakaenda nayo Lusaka, bakaongeza gitare."

Kila mtu akamkumbuka mgeni fulani mwenye simu. Kufumba na kufumbua mgeni huyo alikuwa na miwani, kisha na gari, kisha na uso wa mwizi. Mama Mathilde alianza kukusanya vitabu vya nyimbo.

"Na sauti," Ruffin aliendelea, "mama, ulisikia ile sauti? Balitwala binti gani ule? Analia kama mutu mwenye banamukanyaga muguu. Ata heshima hana."

Mama Mathilde aibu alikuwa nayo tele, lakini chini ya aibu palikuwa na kitu kingine kilichomchoma, na lazima tukiseme: ukelele ule ulirekodiwa mara moja tu, bila kurudia, na fundi mitambo wa Lubumbashi alivua kofia. Angependa sana Ruffin alijue hilo.

Wakaamua kuandika barua. Hawakutaka kitu kingine, ila tangazo liondolewe na kampuni iombe radhi kwa kanisa. Ruffin aliiandika mwenyewe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, akaisoma kwa sauti ya hakimu: kwamba wimbo uitwao Niko Mlangoni ulitungwa kambini na Mama Mathilde kwa kufunuliwa na Mungu, na kwamba kabla yake haujapata kuimbwa na binadamu yeyote. Jumamosi wangetia sahihi wote. Mstari wa kwanza kabisa ungekuwa wa mtunzi.

"Mama, jina yako njo ya kwanza," alisema Ruffin. "Weye njo shahidi mukubwa."

Kuanzia hapo Mama Mathilde hakuona ladha ya chakula. Akitia sahihi, ataweka jina lake chini ya uongo, na safari hii uongo wa maandishi, wenye tarehe. Akikataa, wataambiwa nini? Akisema ukweli, kwaya itamtoka, na baada ya Dédé kwaya ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Alijaribu kuugua malaria. Aliikosa. Ijumaa alikwenda Kashikishi akapita njia ya mbali ili asikione kibanda cha Ba Kasonde, akaisikia sauti yake inatoka kwenye duka la nyavu. Akasimama. Nipokee, nipokee, niko mlangoni, ukelele, kisha mtangazaji na madoa yake sugu. Mara hii, kabla ya mtangazaji, alisikia kwa sekunde moja vidole vya Dédé vikiteleza kwenye waya, kosa dogo ambalo Dédé alilikasirikia mpaka kufa kwake. Alisikia kosa lile na akatamani kukaa chini pale pale kati ya nyavu na maboya.

Aliporudi alimkuta Cadette nje ya nyumba yake, anamsaidia kuwaanua chisense aliowaacha kwenye mkeka, maana mvua ilikuwa inakuja.

"Kesho beko nasigner ile barua," alisema binti bila kumwangalia. "Miye sitasigner, niko mu adhabu. Lakini mama, nilitaka kuuliza. Ule binti wa mu télé, njo anaimba muzuri kupita shiye bote. Ni zambi kusema ile?"

Mama Mathilde alimtazama msichana huyu aliyempa jumapili sita. Aliona haya kweli kweli, si haya ya kuogopa kugunduliwa, ni ile ya kujua kwamba umemtwisha mtu mzigo uliokuwa wako.

"Haiko zambi," alisema. Akaingia ndani akajifanya anatafuta kifuniko.

Jumamosi kanisa lilijaa kuliko siku ya Pasaka. Hata wasio wanakwaya walikuja kuona barua. Pasta Ambroise aliketi mbele, miwani puani. Ruffin, ambaye sasa alikuwa amenyoa pande zote, aliweka karatasi mezani, akaweka kalamu juu yake, akampisha mama.

Mama Mathilde alisimama. Alipiga moyo konde, akafika mezani, akaichukua kalamu, akaitazama, kisha akaiweka mfukoni mwa shati la Ruffin.

"Ile sauti ya mu télévision," alisema, "ni yangu."

Watu walidhani hawakusikia.

"Ni miye njo naimba mule. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mu Likasi. Tulikuwa na orchestre ya roki. Bwana yangu njo alipigaka gitare. Hakuna mutu alituiba, bale ba sabuni baliipata mu sahani yetu ya zamani. Ni miye njo nilitosha wimbo kule, nikaileta mu kanisa."

Ruffin alikaa chini polepole, mdomo wazi.

"Na maneno?" aliuliza Pasta Ambroise.

"Nilibadilisha neno moja tu, Pasta. Fasi tunasema Bwana..." Alisimama. Tangu siku ya mazishi hakuwa amelitamka jina lile mbele ya watu. "Fasi tunasema Bwana, palikuwa Dédé."

Mbuzi aliyekuwa anatafuna nje ya dirisha alisikika vizuri. Mama Mathilde aliendelea, maana kama angesimama asingeanza tena. Alieleza jinsi jina lilivyomkaba, jinsi neno Bwana lilivyopitisha wimbo, na jinsi alivyojisikia vizuri siku walipomsifu. "Mulisema Mungu alinipatia wimbo. Nikanyamaza. Nilikuwa na furaha, nikaogopa mutanitosha mu kwaya. Munisamehe." Kisha akamgeukia Cadette, kule nyuma. "Na weye, mwanangu, unisamehe zaidi."

Pasta Ambroise alivua miwani akaisafisha kwa upindo wa koti, akaivaa, akaivua tena. Mama Mathilde aliziona sekunde zile kama msimu mzima wa mvua. Hatimaye pasta akasema:

"Wimbo haina makosa. Mama yangu tulimuzika nayo. Haiendi fasi, inabakia yetu, na bale ba sabuni bafulie nayo vile banapenda. Lakini weye, mama, miaka sita ulinyamaza. Unajua sheria ya kwaya kupita shiye bote."

"Benchi ya nyuma," alisema Mama Mathilde.

"Dimanche tatu. Alafu urudie kazi yako."

Urudie kazi yako! Aliyasikia maneno hayo, akayarudia kimoyomoyo ahakikishe yamesemwa. Akashika meza. Hawakumtoa. Walikuwa wamempa alichokuwa akiwapa wengine, wala si zaidi.

"Na Cadette atoke kule, Pasta," aliomba. "Nilimwongezea bure."

"Cadette anabakisha dimanche moja. Abakie, akuonyeshe fasi ya kukaa."

Mtu mmoja akacheka, kisha mwingine, na kicheko kikapita kanisani kuanzia mbele hadi mlangoni. Ruffin alipindua barua yake, akaona upande wa pili ni mweupe, akaamua kuuandikia majina ya waliohudhuria mazoezi. Baadaye, nje, alimsogelea mama akijikuna kichwa kipya.

"Mama, ile maneno ya muguu... juu ya ule binti..."

"Nilisikia, Ruffin."

"Aliimba muzuri," alisema Ruffin.

"Mara moja tu," alijibu mama. "Bila kurudilia."

Siku ile alikula sahani mbili za bukari, ugali wa kwao, akalala mpaka jua likamkuta kitandani. Alipoamka aliutafuta ule uzito wa juma zima, akaukosa, akacheka peke yake kama mtu asiye na akili timamu.

Jumapili alikwenda moja kwa moja nyuma. Cadette alisogea, akapangusa mahali kwa mkono. "Hapa njo muzuri," alimnong'oneza kwa sauti ya mwenyeji. "Kule kuna musumari."

Kwaya ilisimama bila mama yake. Ruffin aliongoza, amekakamaa kama askari wa gwaride, na wimbo ukaanza: nipokee, nipokee, niko mlangoni. Mama Mathilde hakuwahi kuusikia akiwa amekaa. Ulikuwa mzuri. Hilo lilimshangaza. Walifika mahali pa kushuka, wakashuka wote, kwa utii, kama alivyowafundisha.

"Mama," alinong'ona Cadette, "mu télé munapanda. Hapa tunashuka. Juu ya nini?"

"Niliogopa."

"Na sasa?"

Ubeti wa pili ulikuwa tayari umeanza. Mama Mathilde aliziba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayejua sheria. Wimbo ukafika mlangoni. Kiganja kikashuka chenyewe, na ukelele ukatoka, wenye kutu, wa mwanamke wa miaka sitini na saba aliyevuta moshi wa kukaushia samaki kwa miaka mingi, lakini ulipanda, ukafika kwenye mabati, ukakaa huko juu muda wake wote. Kanisa zima likageuka nyuma. Ruffin akasahau mkono wake hewani.

Pasta Ambroise alisimama. Alijitahidi kukunja uso, ukakataa. Aliinua mkono, akaonyesha vidole vinne.

"Dimanche ine!" alisema.

Mama Mathilde aliinamisha kichwa akakubali, machozi yanamtoka na meno yote yako nje. Kwaya ikaingia ubeti wa mwisho, na safari hii, bila mtu kuwaambia, wakapanda. Wakasema Bwana. Kwenye benchi la nyuma, kwa sauti ya kawaida, mjane wa fundi umeme wa Likasi akaimba Dédé, na hakuna aliyemwongezea jumapili.